MTAFUTA ELIMU NA AMANA ZAKE NNE



Katika mambo yaliyotukuzwa mno, zamani na sasa, ni kutafuta elimu. Mzee asiyejua kusoma atauza mbuzi wake wa mwisho ili mwanawe asome, wala hataki malipo isipokuwa kusikia watu wakisema, "Yule ni mwana wa fulani, naye ni msomi." Kwa mapenzi hayo tumezoea hata kudhani ya kwamba elimu ni kama maji ya mvua, yakishuka husafisha kila kitu, na kwamba mwenye kuitafuta hawezi kuwa dhalimu. Leo twataka kuitazama dhana hiyo, kwani liko swali ambalo hapana budi kila mwenye akili ajiulize, nalo ni hili: Je, elimu ikipatikana kwa dhuluma, manufaa yake huifuta ile dhuluma? Na mwenye kuitafuta elimu, ana deni kwa nani?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Utafiti haukai tena ndani ya kuta za vyuo vikuu, bali watembea mitaani na kubisha hodi. Huja kijana na karatasi za maswali akamwuliza mama watoto aliowazaa na waliokufa. Huja daktari akataka damu kidogo. Huja mgeni mwenye kamera akataka kukipiga picha kitabu cha babu kilichoandikwa kwa mkono. Huja na mwingine akauliza utampigia nani kura, na kwa nini. Wote hao wana kitu wanachokichukua, na wote wasema kwamba ni kwa ajili ya elimu. Basi yatupasa tujue haki yao kwetu na haki yetu kwao.

Neno moja lakusanya mambo yote haya, nalo ni amana. Amana ni mali ya mwenyewe iliyowekwa mkononi mwako. Huna ruhusa ya kuitumia upendavyo, wala kuipunguza, wala kuikabidhi kwa asiyestahiki. Nasi twasema kwamba mtafiti, awe wa tiba au wa fasihi, wa viumbe au wa siasa, amebeba amana nne.

AMANA YA KWANZA: KWA YULE ANAYECHUKULIWA

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza utafiti karibu na mji wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Walichukuliwa wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na 201 hawakuwa nayo. Makusudi yalikuwa kutazama namna ugonjwa huo unavyomla mtu asiyetibiwa, mpaka afe, kisha maiti yake ipasuliwe na kuchunguzwa. Watu wale hawakuelezwa hivyo. Waliambiwa kwamba wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Siku ya kupimwa walipewa chakula na usafiri, na wakaahidiwa gharama za mazishi yao. Ilipofika mwaka 1947 penisilini ilikuwa imekwisha kuwa ndiyo dawa ya kawaida ya kaswende, lakini wao hawakupewa. Mambo yakaendelea hivyo mpaka mwaka 1972, yaani miaka 40. Hayakusimamishwa ila baada ya Peter Buxtun, mtumishi wa idara hiyo hiyo aliyekuwa akilalamika tangu mwaka 1966 bila ya kusikilizwa, kulifikisha jambo kwa waandishi wa habari.

Sasa zingatia, ewe msomaji. Utafiti ule haukuwa wa siri. Makala yake ya kwanza ilichapwa katika jarida la tiba mwaka 1936, na nyingine zikafuata. Madaktari wakasoma. Waliona hesabu zimepangwa vizuri, wagonjwa kadhaa wamekufa, kadhaa wangali hai, wakafunga jarida wakaenda kulala. Kama lingeandikwa jina la mtu mmoja tu, na la mkewe, na la wanawe, huenda mmoja wao angeshtuka mapema. Lakini binadamu akigeuzwa nambari, hata mtu mwema huweza kumpita bila ya kumwona. Mwaka 1997 Rais wa Marekani, Bill Clinton, alisimama akaomba radhi kwa jina la taifa lake. Wengi wa waliostahiki kuombwa radhi walikuwa kaburini.

Huenda mtu akasema: "Huo ulikuwa uovu usiokuwa na faida, kwa hiyo hukumu yake ni nyepesi. Je, penye faida?" Naam, tutazame penye faida. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alitibiwa mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, aliyekuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Madaktari walikata kipande cha uvimbe wake wakakipeleka maabara bila ya yeye kujua. Alikufa mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, naye ana miaka 31, akaacha watoto watano. Lakini chembe zile hazikufa. Zilizidi kuongezeka katika chupa, jambo ambalo chembe za binadamu hazikuwa zikilifanya kabla ya hapo, zikasambazwa ulimwenguni kote. Kwa chembe hizo ilijaribiwa chanjo ya polio, na tafiti zisizo na idadi zikafanywa juu yake. Jamaa zake hawakujua habari hiyo mpaka miaka ya 1970.

Hapa ndipo penye mtihani, kwa sababu faida ni ya kweli. Wako watoto wanaotembea kwa miguu yao leo kwa baraka za chembe za mama yule. Je, tuseme basi kwamba yamekwisha? Mafakihi wetu walilipima jambo kama hili zamani. Walimtazama mtu aliyeshikwa na njaa ya kufa, hana chochote, akakuta chakula cha mwingine. Wakasema anaruhusiwa kula ili asife, lakini dharura yake haiibatilishi haki ya mwenye chakula, atakapoweza, atalipa. Tazama uadilifu wa hukumu hii! Haikumwacha mwenye njaa afe, wala haikumwambia mwenye chakula, "Nyamaza, umefanyiwa thawabu." Faida ina daftari lake na haki ina daftari lake, wala daftari moja halifuti jingine. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa mwenye kufa njaa, basi itakuwaje kwa daktari aliyeweza kumwuliza mgonjwa kwa neno moja tu asimwulize?

AMANA YA PILI: KWA YULE ALIYETANGULIA

Tuiache tiba tuje kwenye fasihi, ambako hakuna damu inayomwagika, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba hakuna dhuluma.

Nani katika wapenzi wa mashairi asiyemjua Muyaka bin Haji wa Mombasa? Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki katika vifua na vinywa vya watu. Kama yangeachwa hapo, mengi yangekufa pamoja na wazee waliokuwa wakiyahifadhi. Yalitufikiaje? Alikuwako Mombasa mtu aitwaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mjuzi wa lugha. Yeye ndiye aliyeyakusanya kutoka kwa wenye kuyajua, akayaeleza maana zake na visa vyake, akashirikiana katika kazi hiyo na mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zilikwenda Uingereza, na mwaka 1940 William Hichens akalichapisha diwani la Muyaka mjini Johannesburg. Leo mwanafunzi aandika, "Muyaka amesema." Ni wangapi waandikao kwamba kauli hiyo waliipata kwa juhudi ya Sikujua?

Kadhalika alikuwako Lamu Bwana Muhammad Kijumwa, mwandishi wa hati nzuri, mshairi na fundi wa kuchonga mbao, aliyefariki mwaka 1945. Kwa mkono wake aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi, ambazo leo zimehifadhiwa London na Ujerumani. Hatusemi kwamba wageni wale hawakufanya wema. Bila ya maktaba zao, mengi yangeliwa na mchwa na unyevu, na wengine wetu tungali tukivifungia vitabu vya mababu makashani mpaka vikawa vumbi, tukidhani tumevihifadhi. Tunalosema ni kwamba aliyesikia, aliyenakili na aliyeeleza maana wana haki katika kitabu, kama alivyo na haki aliyetia jina lake juu ya jalada.

Na sisi hatuna udhuru wa kulisahau jambo hili, kwa kuwa tumelelewa katika isnadi. Wanazuoni wa hadithi walikuwa hawapokei neno mpaka waulize, "Umelipata kwa nani, na yeye kwa nani?" Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijria, sawa na 870 Miladia, alisafiri miji na miji kwa ajili ya hayo. Wakawapima wasimulizi kwa mizani mbili: ukweli wa mtu na uthabiti wa kumbukumbu yake. Aliweza kuja mcha Mungu, mwenye kuswali usiku kucha, wakampenda na kumwomba dua, na riwaya yake wasiipokee kwa sababu anachanganya majina. Hawakuiona hiyo kuwa ni jeuri, bali ndiyo heshima ya elimu yenyewe.

Basi mwanafunzi anayenakili kurasa za mwenziwe akazitia jina lake, na mwalimu mkubwa anayeichukua kazi ya mwanafunzi wake akaitangaza kuwa ni yake, wote wawili wamekata mnyororo ambao wazee wetu walitumia umri wao kuuunga. Mwizi wa ng'ombe hukamatwa kwa alama ya ng'ombe. Mwizi wa maneno huenda asikamatwe kamwe, na kwa hiyo mtihani wake ni mkubwa zaidi, kwani hana wa kumchunga ila moyo wake.

AMANA YA TATU: KWA KWELI YENYEWE

Hapa yatupasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kukosea na kusema uongo. Kukosea si aibu ya mwanachuoni. Dini yetu imetufundisha kwamba hakimu akijitahidi akapata ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Ibn al-Haytham, bingwa wa elimu ya mwanga na macho, alitunga kitabu kizima cha mashaka juu ya kauli za Batlamyus, naye alikuwa akimheshimu sana. Aliwausia watafutao kweli wasiwaamini waliotangulia kwa sababu tu ya ukubwa wa majina yao, na pia wajituhumu nafsi zao wenyewe. Utafiti wote umesimama juu ya tabia hii: mmoja asema, mwingine apima, wa tatu arudia. Kosa likitokea, njia yenyewe hulitoa.

Lakini uongo ni kitu kingine. Mwaka 1998 daktari wa Kiingereza, Andrew Wakefield, pamoja na wenziwe, walichapisha katika jarida la The Lancet habari za watoto 12 tu, na kutokana nayo watu wakatiwa hofu kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela yaweza kuleta maradhi ya usonji. Baadaye ilidhihirika kwamba habari za watoto wale hazikuelezwa kama zilivyokuwa, na kwamba yeye alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wakitayarisha kesi juu ya chanjo hiyo hiyo, wala hakusema. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Hata hivyo wako wazazi mpaka leo wanaowanyima watoto wao chanjo kwa sababu ya kurasa zile chache. Kuifuta makala katika jarida ni kazi ya siku moja, lakini hofu iliyokwisha kuingia moyoni mwa mama haifutiki kwa wino.

Na wako wanaoikhini kweli si kwa fedha bali kwa kutaka kumridhisha mwenye nguvu. Katika Urusi ya Kisovieti alikuwako Trofim Lysenko, aliyeikataa elimu ya urithi wa viumbe na kudai kwamba mimea yaweza kugeuzwa tabia upesi kwa kuibadilishia mazingira, na tabia hizo zikarithiwa. Maneno hayo yaliwapendeza watawala, maana yaliahidi mavuno mengi kwa muda mfupi. Mwaka 1948 elimu ya urithi ikapigwa marufuku, na Lysenko hakuondolewa kwenye cheo chake cha kuongoza taasisi ya elimu hiyo mpaka mwaka 1965. Kabla ya hapo mpinzani wake mkubwa, Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia akikusanya mbegu za nafaka ili watu wasife njaa, alikamatwa mwaka 1940, akafia gerezani Saratov mwezi wa Januari 1943, mwili wake umedhoofika kwa kukosa chakula.

Sasa sikiliza habari ya wanafunzi wa Vavilov. Jeshi la Wajerumani lilipouzingira mji wa Leningrad tangu mwaka 1941, watu wakafa kwa njaa kwa malaki. Ndani ya taasisi yake mlikuwamo akiba ya mbegu: mpunga, ngano, kunde, viazi. Wafanyakazi wake waliilinda, na baadhi yao wakafa kwa njaa wamezungukwa na magunia ya vyakula, kwa sababu waliona kwamba mbegu zile si mali yao, bali ni amana ya wale watakaokuja baada yao kulima. Watu wale hawakusoma vyuo vyetu wala hawakuwa wa dini yetu, lakini atakaye kujua amana ni nini katika elimu, na awatazame.

AMANA YA NNE: KWA UMMA

Amana ya mwisho ni swali hili: elimu hii yapelekwa kwa nani, na kwa kazi gani? Na hapa mfano wetu ni wa elimu ya siasa.

Mwaka 1964 Jeshi la Marekani lilianzisha mpango ulioitwa Camelot. Wataalamu wa jamii na siasa walikusudiwa wachunguze nchi za watu, hasa za Amerika ya Kusini, wajue ni mambo gani yanayosababisha wananchi kuasi, na serikali yaweza kufanya nini kuyazuia. Fedha zilikuwa nyingi na majina ya wasomi yalikuwa makubwa. Johan Galtung, mwanachuoni wa Norway aliyekuwa akifundisha Chile, alialikwa, akakataa, akawafunulia wenziwe wa Chile jeshi lililokuwa nyuma ya jambo lile. Watu wa Chile wakaja juu, na mwezi wa Julai 1965 mpango ukavunjwa. Kosa la mpango ule si kwamba watu waliulizwa maswali. Kosa ni kwamba mwenye kujibu angefikiri anamsaidia msomi kuelewa, kumbe anamsaidia askari kulenga.

Wala usidhani kwamba haiwezekani kuwachunguza watu wengine kwa insafu. Al-Biruni aliishi wakati wa Sultani Mahmud wa Ghazni, ambaye majeshi yake yalikuwa yakiishambulia India. Yeye alijifunza Kisanskriti, akasoma vitabu vya Mabaniani na kuwauliza wajuzi wao, na kiasi cha mwaka 1030 akaandika kitabu kinachoeleza itikadi zao kama wenyewe wanavyozieleza, bila ya kuwazulia, ingawa yeye ni Mwislamu asiyeafikiana nazo. Huo ndio uaminifu: mpinzani wako akisoma ulichoandika juu yake, aseme, "Naam, hivyo ndivyo tusemavyo."

TUFANYE NINI BASI?

Huenda msomaji akasema: "Kama mambo yenyewe ni haya, heri tuufunge mlango. Asije mtu kutuuliza wala kututoa damu." La, hasha. Hilo nalo ni khiyana. Dawa ya malaria unayopewa hospitalini ilijaribiwa kwa watu waliokubali kujaribiwa. Ukiipokea faida ya waliokubali, kisha ukakataa kila jambo bila ya sababu, umekula karamu ya wenzako ukakataa kuteka hata ndoo ya maji. Mlango usifungwe, ila anayeingia abishe hodi.

Baada ya habari za Tuskegee kufichuka, Marekani ilitunga sheria mwaka 1974 ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, na nchi nyingi zikaweka kanuni zao. Tanzania nayo ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inayotoa vibali vya utafiti. Haya ni mema, na mwenye kuja bila ya kibali arudishwe alikotoka. Lakini karatasi haiumbi dhamiri. Mtu aweza kuwa na mihuri yote, akamsomea mzee maelezo kwa lugha asiyoifahamu, kisha akamshika kidole akakitia wino, akaandika kwamba mzee ameridhia. Idhini isiyofahamika si idhini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, akikujia mtafiti mkaribishe, umpe kiti, kisha umwulize maswali manne: Wachukua nini kwangu, na naweza kukataa? Utawataja kina nani waliokusaidia? Ukikuta kinyume cha ulichokitarajia, utakisema? Na matokeo yatarudi kwetu, au yatakwenda kwa nani? Mkweli atafurahi kuulizwa. Mwenye kukasirika amekwisha jibu.

Na wewe kijana uliye chuo kikuu, au unayetamani kufika huko, jua kwamba siku moja maswali hayo utaulizwa wewe. Huenda akuulizaye ni mama kizimbani pa nyumba yake, asiyejua kusoma, na wewe una cheti mkononi. Wakati huo yeye ndiye mwenye mali, na wewe ndiye mwenye kuomba. Kaa mkao wa mwenye kuomba. Andika jina la aliyekufundisha. Hesabu yako ikikataa kukubaliana na matumaini yako, yaache matumaini. Na ukiambiwa na mwenye fedha au mwenye nguvu uiandike kweli kwa namna atakayo, kumbuka wale walinzi wa mbegu.

Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, akatujulisha kwamba masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa. Twamwomba aturuzuku elimu yenye manufaa, na atujaalie tuifikishe kwa wenyewe kama tulivyoipokea. Amin.